Ngumi Kifuani

Ukiona mtu anazama kwenye filamu, ujue pembeni kuna mwingine ambaye huonyeshwi, na huyo ndiye ameshika pumzi zake. Anayezama hana mtungi mgongoni. Amevaa suti au gauni, na ndani ya nguo amefungwa kiunoni vipande vizito vya madini ya risasi ili asielee kama gunzi la mahindi. Anavuta hewa kwenye kidomo cha mpira anacholetewa kutoka kwenye mtungi wa mwenzake, anakirudisha, anatoa mapovu yote, kisha yule mwingine anarudi nyuma gizani na kamera inaanza. Pumzi zikimwishia anatoa ishara, naye analetewa kidomo tena. Mmoja anaomba, mwingine anampa. Kazi yote imesimama hapo.

Mimi ndiye yule mwingine. Naitwa Ngendo, kwetu ni Tetu, upande wa Nyeri, na kazi hii sikuisomea kwa kupenda maji. Maji nayachukia. Niliisomea kwa sababu ya mwanamume mmoja anayeitwa Mutahi.

Mutahi anatengeneza filamu. Miaka michache iliyopita alimchukua mdogo wangu Tabby acheze bibi harusi anayetumbukia majini, kwenye machimbo ya mawe yaliyojaa maji upande wa Kutus. Pindo la gauni lilishonewa vyuma ndani ili lishuke taratibu, lisifumuke juu na kumfunika uso. Mtu wa kumpa hewa hakuwepo. Mutahi alisema shimo si refu, kamba aliyofungwa kiunoni inatosha, akitoa ishara atavutwa juu. Ishara ilikuwa ngumi kifuani, mara mbili. Najua kwa sababu Tabby mwenyewe alinionyesha jikoni kwetu, akijipiga kifua na kucheka. "Ukiona hivi, vuta mtu wako," aliniambia.

Tabby alijipiga kifua. Kamera ilimwona, na Mutahi alikuwa amekaa mbele ya skrini akimtazama. Kamba haikuvutwa mpaka mikono ya Tabby ilipotulia. Alipohojiwa na polisi, Mutahi aliapa kwamba hapakuwa na ishara ya ngumi, kwamba ule ulikuwa uchungu wa bibi harusi, na kwamba hakuna macho duniani yanayoweza kumtofautisha anayezama na anayeigiza kuzama. Wakamwamini, wakaandika ajali. Kisha akaitia ile picha ndani ya filamu yake, na watu wakasimama ukumbini Nairobi wakapiga makofi. Mdogo wangu anakufa, wao wanapiga makofi.

Wala hakuja mazishini. Alituma shada la maua. Sasa kwetu, kabla udongo haujarudishwa, yule aliyekuwa na marehemu mwisho husimama mbele ya watu akaeleza yote: aliamkaje, alikula nini, alisema nini, maumivu yalianzia wapi. Hata mwenye pikipiki aliyemgonga mtu huja akasimama, akalia, akaeleza. Bila hayo mama wa marehemu anabaki akijitungia mwenyewe usiku kucha. Siku ya Tabby ilipofika nafasi hiyo, mchungaji alitazama huku na huku, akaona hakuna mtu, akaanzisha wimbo. Mama yangu hakuimba. Alikuwa anaangalia lango.

Basi nikaenda Diani, pwani, nikafua mashuka ya hoteli, na jioni nikajifunza kupiga mbizi mpaka nikapata cheti. Wenzangu walidhani natafuta wazungu. Mimi nilikuwa namtafuta Mutahi. Nilijua atarudi majini tu, kwa sababu yale makofi yalimlevya.

Na akarudi. Alinipigia simu mwenyewe, akasema ameambiwa mimi ni mtu wa mlimani, najua baridi, na ana filamu ya tajiri ambaye gari lake linatumbukia mtoni. Hakuuliza ukoo wangu. Hakuuliza chochote. Mtu ambaye hakuja mazishini atazijuaje sura za waliofiwa?

Kazi ilikuwa Naro Moru, katika shamba moja la vitunguu nyuma ya mji. Mwenye shamba alikuwa amechimba bwawa refu la kunyunyizia, akalitandika karatasi nyeusi ya plastiki kama wakulima wote wa huku, maji yasinywewe na udongo. Kwa watu wa filamu, weusi ule ni dhahabu. Mwanga haurudi, kuta hazionekani, na kidimbwi cha vitunguu kinageuka mto usio na mwisho. Tulishusha humo bodi la gari bovu, baada ya kung'oa injini, tangi la mafuta na vioo, maana tone moja la oili lingeharibu kila kitu. Rupal, mpiga picha wetu, binti wa wenye duka la vifaa vya ujenzi mjini Nyeri, alikuwa na kamera yake ndani ya kasha lisilopitisha maji. Juu ukingoni alikaa Kingori, msaidizi wa Mutahi, na skrini, na chini ya maji tulining'iniza spika ili sauti ya Kingori itufikie sote watatu, mimi, Rupal na muigizaji.

Kwa muigizaji ndipo mambo yalipoharibika. Alifika, akaingia mpaka kiunoni, akapiga yowe moja, akatoka, akachukua begi lake. Maji yale yanashuka moja kwa moja kutoka mlimani. Mutahi akatukana weee, kisha akavua koti.

"Nitacheza mimi mwenyewe," akasema. "Sehemu hiyo hata hivyo inataka mtu mzima."

Nilienda nyuma ya pikapu ya vifaa nikacheka peke yangu. Nilicheka kwa furaha, na sioni aibu kusema. Mpango wangu ulikuwa mdogo tu: nimlete mama yangu hapo kwa kisingizio fulani, nimtambulishe kwa Mutahi mbele ya watu wake, nione uso wake. Sasa alikuwa ananipa pumzi zake mwenyewe.

Kisingizio cha kumleta mama kilikuwa maziwa. Maji safi sana hayafai kwenye kamera, taa hupita tu bila kuonekana. Ukitia maziwa kidogo, ile miali inajitokeza kama jua likipenya moshi wa jikoni. Lakini yawe yameondolewa krimu, vinginevyo mafuta yanaelea. Nilimwambia Mutahi nina mama mmoja Tetu mwenye ng'ombe wazuri. Nikampigia mama simu, nikamweleza ni kazi ya nani, nikamwambia alete maziwa yaliyochujwa krimu yote.

Asubuhi ya kupiga picha alishuka kwenye pikapu ya jirani, sweta juu ya sweta, kitambaa kichwani, mtungi wa maziwa mkono mmoja na blanketi kwapani. Nilifungua mtungi. Krimu ilikuwa nene kidole kizima.

"Maitu, mama yangu, nilikwambia yaliyochujwa."

"Ati nipeleke kwa watu maziwa imetolewa mafuta?" alisema. "Wanione mchoyo? Hata kama ni yeye, mimi siwezi."

"Yanamwagwa kwenye bwawa!"

"Hiyo ni shauri yao. Mimi nimeleta maziwa."

Ndivyo walivyo akina mama wa Tetu. Adui yao watamnyima salamu, lakini hawatampelekea maziwa mepesi. Nilicheka, na huku nikicheka nikaliona lile blanketi. Lilikuwa la Tabby la shule ya bweni, la kijivu, na kwenye pembe mama mwenyewe alikuwa ameshona jina kwa uzi mwekundu, TABBY WANGUI, lisiibiwe.

"Nimekuletea ujifunike ukitoka," akasema. "Huyo mtu ni gani?"

Nikamwonyesha. Akamtazama kwa makini, kama mtu anayepima ng'ombe sokoni, kisha akaenda kukaa juu ya kreti iliyopinduliwa karibu na Kingori.

Maziwa yalimwagwa. Bwawa likapendeza, lakini krimu ikaanza kujikusanya juu, utando wa manjano ukizunguka ukingoni. Rupal alisema maji yale hayafiki kesho, yatavunda, na maji mengine ya kujaza bwawa zima hayapo. Ni mara moja au basi.

"Basi ni mara moja," alisema Mutahi. Alikuwa ameshavaa suti, risasi kiunoni, anapuliza mikono. Akanivuta kando. "Sikia, madam. Usiniletee hewa haraka. Nataka ile sura ya mwisho kabisa. Ushaona ile filamu yangu ya bibi harusi?"

"Nimeiona."

"Basi. Uso kama wa yule msichana. Ile kitu haiwezi kuandikwa, lazima mwili wenyewe ukubali."

"Ishara ya hewa itakuwa gani?"

"Ngumi kifuani, mara mbili. Mimi hutumia hiyo siku zote."

"Siku zote?"

"Siku zote," akasema. "Kwani kuna shida?"

"Hakuna," nikasema. "Waambie wote wasikie."

Akawaambia. Alisimama ukingoni akajipiga kifua mara mbili, akauliza kama wameona, nao wakaitikia ndiyo. Mama yangu alikuwa amekaa pale pale kwenye kreti. Hakuondoa macho kwake, na mimi niliona kidole chake kikitafuta pembe ya blanketi.

Tukashuka. Baridi ilinishika kichwa chote. Nilimkalisha Mutahi nyuma ya usukani, nikamfunga mkanda wa gari, ule ule wa kawaida unaobana kweli, nikamwekea kidomo. Alivuta, akavuta tena, akanionyesha dole gumba na kidole cha shahada vimekutana: niko sawa. Akakirudisha, akatoa mapovu. Nikarudi nyuma ya mlango wa nyuma, ambako kamera haifiki. Spika ikasema, "Twende," na Rupal akawasha.

Mwanzoni aliigiza, na aliigiza vibaya. Alirusha mikono, akafungua kinywa kama samaki wa sokoni. Alipiga usukani, akavuta mlango, akageuza kichwa ili taa imkute shavuni. Nilimtazama kwa dharau. Kisha vile vitu vyote vikakoma, akatulia, akanigeukia mimi gizani, akapiga ngumi kifuani. Moja. Mbili.

Kidomo kilikuwa mkononi mwangu. Nilikiona kinatoa vipovu vidogo, vinapanda.

Sikusogea.

Akapiga tena. Sasa macho yalikuwa yamemtoka, na yalikuwa yananiangalia mimi, si kamera. Nilimsogelea karibu kidogo ili anione vizuri, bila kuingia kwenye picha, nikamwonyesha kidomo, nikakishikilia pale pale. Alinyoosha mkono, mkanda ukamrudisha. Akapiga kifua kwa ngumi zote mbili, hovyo, bila hesabu. Nikamwona Tabby jikoni akicheka. Ukiona hivi, vuta mtu wako.

Nilitaka afe. Nasema wazi, sitaki mtu anipambie. Nilitaka mikono yake itulie kama ilivyotulia ya mdogo wangu, na Rupal aendelee kupiga picha, na kule juu wapige makofi. Nilikuwa na chuki ya kutosha, na maji yalikuwa ya kutosha.

Kilichonizuia si huruma. Nilimkumbuka mama juu ya kreti. Mutahi akifia mle ndani, mama atarudi Tetu na mtungi mtupu, na nafasi ile ya mazishini itabaki tupu milele. Maiti haisemi kitu, na mimi nilikuwa nimefuata maneno. Nikamsukumia kidomo kinywani, nikabonyeza kifungo cha mkanda ukafunguka, nikamshika kola, nikampandisha.

Tulipochomoza, walikuwa wanapiga makofi.

Kingori alikuwa amesimama kabisa, analia kwa furaha. "Bosi! Bosi, hiyo ni moto! Nimesisimka mwili mzima!" Watu wa taa walipiga miluzi. Rupal alichomoza upande wa pili akisema hajawahi kupata uso kama ule. Mutahi alijiburuta mpaka ukingoni, akatapika maji, krimu imemshika kwenye nywele na nyusi. Alipopata pumzi hakumtazama Kingori. Alinigeukia mimi.

"Nilikupa ishara!" alifoka. "Wewe mwanamke, nilikupa ishara!"

Nilitoka majini bila haraka, nikavua mtungi, nikauweka chini. "Ishara gani?"

"Ngumi! Ngumi kifuani! Nimepiga mpaka kifua kinauma!"

"Nilidhani unaigiza," nikasema.

"Naigiza?" Meno yalikuwa yanagongana, lakini hasira ilimpa sauti. "Hiyo ni kuigiza? Mtu yeyote mwenye macho anajua! Anayeigiza anaangalia kamera, mimi nilikuwa nakuangalia wewe! Mikono inabadilika, macho yanabadilika! Hata Kingori hapo juu kwenye skrini angejua!"

"Hata aliye juu kwenye skrini angejua?"

"Ndiyo! Mara moja!"

"Lakini wewe ulisema hakuna macho duniani yanayoweza kutofautisha," nikasema. "Uliapa hivyo. Baada ya Kutus."

Makofi yalikuwa yamekufa zamani. Kingori alishusha macho kwenye skrini, ambapo ule uso ulikuwa umesimama, kisha akaigeuza skrini upande. Mutahi alinitazama, na kwa mara ya kwanza tangu aniajiri akaniangalia kweli, paji la uso, pua, kidevu. Watu husema mimi na Tabby tulifanana kidevu.

"Wewe ni nani?" akauliza, ingawa alikuwa ameshajua.

Mama aliinuka kwenye kreti. Hakupaza sauti, mama yangu hajui kupaza sauti.

"Mimi ni mama ya Tabby," akasema. "Kwa hivyo uliona."

"Mama..." alianza Mutahi.

"Mimi si mama yako. Siku tulizika mtoto wangu, hakuna mtu alisimama kutuambia vile alikufa. Nilikungoja. Niliangalia gate mpaka watu wakaenda. Sasa simama."

Mutahi alikuwa amepiga magoti kwenye ile plastiki nyeusi, suti imemganda mwilini, upepo wa mlimani unampiga. Aliwatazama watu wake mmoja baada ya mwingine. Hakuna aliyemletea taulo. Rupal alikuwa amekaa ukingoni, miguu majini, kamera mapajani. "Simama, Mutahi," akasema taratibu.

Akasimama.

Alianza na uongo kidogo, kwamba maji yalikuwa na giza. Mama akasema, "Anza asubuhi." Basi akaanza asubuhi. Alisema Tabby alifika akiwa amenunua maandazi njiani, akawagawia wote. Alisema aliogopa baridi, akauliza mara mbili kama kamba ina mtu. Alisema yeye mwenyewe, Mutahi, ndiye aliyemwondoa mwenye kamba ili akashike taa. Hilo hata mimi sikulijua. Nikaona nimekosea kumtoa majini.

"Alipiga kifua," akasema Mutahi. Alikuwa anatetemeka hivi kwamba maneno yalitoka vipande vipande. "Alipiga, nikaona. Nilijua ni ishara. Nikasema, ngoja kidogo. Ilikuwa... ilikuwa nzuri. Nikasema kidogo tu."

"Alipiga mara ngapi?" mama akauliza.

"Sijui. Nyingi."

Mama alitikisa kichwa polepole, kama mtu aliyesikia jina la ugonjwa alioushuku siku nyingi. Hakulia. Mimi ndiye niliyelia, kwa hasira, huku nimelikumbatia lile blanketi ambalo alikuwa ameniwekea mabegani bila mimi kujua.

"Mpe blanketi," mama akasema.

Nilidhani sikusikia. "Maitu, hii ni ya Tabby."

"Najua ni ya nani. Ni mimi nilishona. Mpe."

Nilikataa. Nilimwambia mbele ya watu wote kwamba afadhali nilitupe bwawani, kwamba mtu yule agande hapo hapo, kwamba huruma yake ndiyo inayowafanya watu watukanyage. Mama alilivuta kutoka mikononi mwangu, akaenda, akamfunika Mutahi mwenyewe. Alimfunika kwa uangalifu, akaleta pembe mbele, akazifunga chini ya kidevu kama mtoto anayepelekwa kliniki, mpaka lile jina jekundu likamlalia kifuani.

Mutahi aliinamisha uso akaliona. Akajaribu kulivua.

"Wacha," mama akasema. "Hiyo usirudishe. Enda nayo kwako. Lala nayo. Bibi yako akiuliza Tabby ni nani, umwambie. Watoto wakiuliza, uwaambie. Na ukiitupa nitajua, kwa sababu nitakuwa nakuja kuiona."

Kisha akachukua mtungi wake, akausuuza kwa maji ya mfereji, akaniuliza kama nimevaa soksi. Tulitembea mpaka kwenye pikapu. Nilikuwa nimebeba chuki yangu miaka yote ile nikijivuna kwamba nyumbani kwetu mwenye kisasi ni mimi peke yangu.

"Maitu, kweli utakuwa unaenda kuiona?" nikamuuliza tukishaketi.

"Kila mwezi," akasema. "Nitakuwa nampelekea maziwa."